Paa Linavuja: Watazamaji Wetu wa Kawangware na Silanga

Siku ya kuagwa kwangu, Sheila, msichana aliyechukua nafasi yangu, aliniuliza mbele ya watu wote, "Anti Mwende, na usinikasirikie, lakini kazi yako hasa ilikuwa nini? Mimi nilikuwa nakuona tu umekaa pembeni." Wenzake wakainamisha vichwa wakicheka. Sikukasirika. Ila swali hilo limenikalia kichwani tangu siku hiyo, na kwa kuwa mgongo wangu umekataa safari za ukumbini lakini vidole bado vinakubali kalamu, nimeona nimjibu kwa maandishi. Nyinyi wengine someni begani mwake.

Jibu fupi ni kwamba nilikuwa nawatazama watu waliokuja kututazama. Jibu refu ni hili.

Nilikuja Nairobi kutoka Machakos nikiwa fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja pale Riruta Satellite. Hapo ndipo Mwalimu Wafula aliponiletea koti la kupunguza mikono. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mapema, mwenye kikundi cha michezo ya kuigiza ambacho hakikuwa na ukumbi, wala pazia, wala, kwa maoni ya mkewe, faida yoyote. Nilipompelekea koti mazoezini nikakuta mwigizaji amekwama katikati ya maneno, mdomo wazi kama mlango wa kanisa Jumapili. Mwalimu akanipa mswada bila hata kunitazama. "Shika," akasema. "Akikwama, mnong'oneze." Nikashika. Hakuna aliyeniajiri rasmi na hakuna aliyenifukuza, basi nikabaki.

Siku hiyohiyo nilikosea na nikafundishwa. Nilimnong'oneza yule mwigizaji mstari mzima, naye akageuka akanitazama, na watu wote wakageuka wakanitazama. Baadaye Mwalimu akaniambia, "Mpe neno la kwanza tu. Mtu aliyepotea humwonyeshi nyumba, unamwonyesha kona." Sheila, hilo ndilo somo la kwanza, na ukilishika hilo tu utakula uzeeni.

Somo la pili lilichukua muda zaidi. Mwalimu hakutaka niwe na macho kwenye mswada wala kwa waigizaji. Alitaka niwatazame watu walioketi kwenye mabenchi, kisha nimwambie ni wapi mchezo ulilegea. "Usiangalie nyuso," alinionya. "Nyuso zina adabu. Angalia miguu." Na ni kweli. Mtu akichoka, miguu yake hutangulia kuelekea mlangoni huku uso ukiendelea kutabasamu. Mama anayefuata hadithi hahamishi mtoto kutoka paja hili kwenda lile mpaka tukio liishe. Kikohozi kikiwa kimoja ni mafua. Vikiwa vitatu mfululizo, onyesho ni refu mno. Kila Jumatatu nilimwambia Mwalimu niliyoyaona, naye alikata maneno yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu kama anayesahihisha insha ya mtoto wa jirani.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Chaki ya kuweka alama sakafuni, pini, sindano na uzi mweusi na mweupe, kipande cha sabuni kwa zipu inayokataa, na filimbi. Filimbi ikilia mara moja mchezo unaanza, ikilia tena umekwisha. Jukwaa letu lilikuwa kreti za soda zilizopinduliwa, juu yake mbao. Tulicheza Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Tulikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa ukumbi wa nyuma wa kanisa dogo huko Kawangware. Ya pili ilikuwa banda la mabati huko Silanga, upande wa Kibera unaopakana na bwawa, ambalo siku za wiki lilikuwa shule ya chekechea. Picha za ng'ombe na mwavuli zilikuwa zimechorwa ukutani, na hata tukiigiza msiba, ng'ombe alikuwa anatutazama.

Sasa nifike kwenye mchezo ambao nataka muujue.

Mwaka wa uchaguzi, mwaka wa elfu mbili na saba, Mwalimu aliandika mchezo akauita "Paa Linavuja". Ulikuwa wa mapenzi ya watu wasiofanana. Mama Serafina ni mjane mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, mrefu, mkali, anayebeba mwavuli hata wakati wa kiangazi. Kadogo ni mpangaji wake, muuza makaa, mfupi, mpole, anayeoga asubuhi na jioni na bado vumbi la makaa linabaki shingoni. Kadogo anamwita mwenye nyumba aje aone paa linavyovuja. Mama Serafina anaingia akisema, "Nimekuja kuona paa." Kadogo anapanda juu ya debe ili amwonyeshe tundu, na hafiki. Mama Serafina ananyoosha mkono tu, akiwa amesimama chini, na anagusa bati. Wanatazamana. Mapenzi yanaanzia hapo, na kuanzia hapo kila mtu ana neno: watoto wa mjane, wapangaji wengine, watu wa kanisani. Mwishoni mama anakuja kusimama nje ya mlango wa Kadogo mvua ikinyesha, Kadogo anafungua mlango, na filimbi inalia. Kisha Mwalimu anasimama mbele ya watu anauliza, "Mngependa iishe vipi?" Na mazungumzo yanachukua muda kuliko mchezo wenyewe.

Mwalimu hakuweka kabila popote. Nilipomuuliza kwa nini, alisema urefu peke yake unatosha kuwagombanisha watu.

Mama Serafina aliigizwa na Atieno, msusi wa nywele aliyekuwa na chumba Kawangware, si mbali na kwangu. Kadogo aliigizwa na Njoroge, aliyekuwa akitengeneza redio na pasi huko Silanga. Atieno alimpita Njoroge kwa kichwa kizima na shingo. Watu waliamini kwamba hao wawili wanapendana kweli, na tuliwaacha waamini. Ukweli ni kwamba hawakuelewana hata kidogo. Atieno alisema Njoroge huchelewa makusudi. Njoroge alisema Atieno hutafuna njugu wakati wengine wanasoma. Mapenzi yao yalianza filimbi ilipolia na yakaisha filimbi ilipolia tena, na kila mmoja akabeba mfuko wake akaenda.

Kawangware walitupokea kwa vicheko na hasira kidogo. Waliokaa mbele walikuwa wenye ploti, kina mama wenye vitambaa vya kanisa, na miguu yao niliiona imekanyaga chini imara kama ya watu wanaotaka kujibu. "Sisi hatuingii kwa nyumba za wapangaji hivyo," mama mmoja alisema Mwalimu alipouliza swali lake. Mwingine akasema, "Mwanaume wa debe. Hata akikuoa, utambebea debe mpaka kanisani?" Ukumbi mzima ulicheka, na Njoroge alicheka kuliko wote. Silanga mambo yalikuwa tofauti, maana huko karibu wote ni wapangaji. Huko walipiga kelele kutoka mwanzo, "Kadogo, muoe huyo mama, paa litengenezwe." Kijana mmoja alisimama akaeleza kwa utaratibu kwamba hayo si mapenzi bali ni mpango mzuri wa nyumba. Mama Felista, muuza mboga aliyekuwa jirani wa Njoroge, alimjibu kwamba mapenzi yote anayoyajua yeye yalianza na kitu kilichoharibika.

Tuliucheza mwaka huo mpaka Desemba. Kisha watu wakapiga kura, matokeo yakatangazwa, majirani wakageukiana kwa kabila, na mji ukashika moto.

Siwezi kuwaandikia yote niliyoyaona na sitaki. Niseme tu yaliyowapata watu wetu. Njoroge alitoka Silanga kupitia mashamba ya sukuma wiki kando ya bwawa, akiwa na nguo alizovaa, akafika kwa shangazi yake Riruta. Atieno alitoka Kawangware na mfuko mmoja, akafika kwa dada yake huko Silanga. Walikuwa wamebadilishana mitaa bila kukutana njiani. Mimi nilibaki Satellite. Vijana walinisimamisha barabarani wakasoma kitambulisho changu, wakabishana wao kwa wao kama Mkamba ni adui au si adui, kisha mmoja wao akaniambia niende kabla hawajakubaliana. Nikaenda.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono mwishoni mwa Februari, kelele zilipungua, lakini watu hawakurudi walikotoka. Katika uwanja wa kanisa moja upande wa Riruta kulikuwa na familia nyingi zilizofukuzwa sehemu mbalimbali, zimelala chini ya turubai. Nilikuwa nikienda huko na sindano yangu kushona nguo zilizochanika. Kina mama wawili watatu walinitambua. Mmoja, mwanamke mnene wa makamo aliyeitwa Wanjiku, alikuwa ametoka kwenye ploti iliyoungua. Aliniuliza, "Si wewe ndiye ulikuwa na watu wa ule mchezo wa paa? Waambie waje."

Nilimpelekea Mwalimu ujumbe huo. Alikataa. "Watu hawana blanketi, tuwapelekee mchezo?"

"Wameomba wenyewe, Mwalimu. Mimi sikuwataja."

Alikuwa amekonda. Akauliza, "Na Serafina tutamtoa wapi?" Atieno hakuweza kukanyaga upande huo, na hakuna aliyemwomba akanyage. Jibu lilikuwa moja tu. Mtu pekee aliyejua maneno ya Mama Serafina kuanzia mwanzo mpaka mwisho alikuwa mimi.

Sijawahi kuwa mwigizaji na sikuwa siku hiyo. Mimi ni mfupi kama Njoroge. Nilivaa gauni la Atieno nililolishona mwenyewe, nikalipandisha kwa pini, na bado lilifagia chini. Hatukuwa na jukwaa. Watu waliketi kwenye majani na juu ya magodoro yaliyokunjwa, nasi tulisimama mbele yao mchana kweupe. Nikaingia nikasema, "Nimekuja kuona paa."

Mzee mmoja aliyekuwa mbele kabisa akanijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali la dukani. "Lilichomwa."

Hakuna aliyecheka. Njoroge alikuwa tayari ameweka mguu juu ya debe. Kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa pili wa mswada, na hapakuwa na wa kuninong'oneza neno la kwanza. Njoroge ndiye aliyetuokoa. Alishuka kwenye debe, akamgeukia yule mzee, akamwuliza, "Lilikuwa bati la aina gani, mzee?" Mzee akamweleza. Alieleza bati, mbao, misumari na siku aliyoinunua, na jinsi alivyolipaka rangi nyekundu mke wake akiwa hai. Njoroge alimsikiliza mpaka mwisho akiwa Kadogo, mikono nyuma. Kisha akaniambia mimi, "Mama, basi hilo langu bado lipo. Njoo ulione." Na tukaendelea.

Waliutazama mchezo wote bila kucheka, na hakuna mguu uliogeuka. Mwalimu aliposimama kuuliza swali lake, sauti ya kwanza ilisema, "Huyo Serafina ni kabila gani?" Mwalimu akasema hana kabila. "Kila mwenye nyumba ana kabila," sauti ikasema. Mwanamume mwingine akasema Serafina amfukuze Kadogo mapema, mambo yaishe. Mwanamke akamwuliza amfukuzie wapi, mbona wao wote wamekwisha kufukuzwa. Yakaanza maneno makali, na Mwalimu akayakata kwa upole, akawashukuru, akaniashiria filimbi.

Nilipokuwa nikitoa pini kwenye gauni, Wanjiku alinijia. "Yule mrefu yuko wapi?"

"Yuko Kibera, kwa dada yake. Yuko salama."

"Tulikuwa ploti moja. Alikuwa ananisuka nywele." Alitazama chini. "Ukimwona, mwambie nilisikia akibisha."

Sikuelewa mara moja. Akarudia. "Siku ile. Alibisha mlango wangu kabla ya kuondoka, kabla hata hiyo ploti haijachomwa. Mwambie nilimsikia."

Nilienda Silanga wiki iliyofuata. Dada yake Atieno alikuwa na kibanda cha makaa karibu na bwawa, na Atieno alikuwa ameketi hapo akisuka mtoto. "Sasa Anti," akasema, bila kuinuka, maana nywele zilikuwa mkononi. Nilimpa ujumbe kama nilivyopewa, bila kupunguza wala kuongeza. Aliendelea kusuka mistari miwili zaidi.

"Najua alinisikia," akasema. "Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Hakusonga."

"Nimwambie nini?"

"Umwambie nimepata ujumbe." Alivuta nywele za mtoto, mtoto akalalamika, akamwomba msamaha. Kisha akaniuliza, "Na Njoroge ako aje?"

Nilimwambia tulivyoigiza. Nilipofika kwenye gauni lililofagia chini, alicheka kidogo akiwa ameziba mdomo. Nilipofika kwa yule mzee wa bati, aliacha kucheka. Alimaliza kichwa cha yule mtoto, akampangusa mafuta kwenye paji la uso, akamruhusu aende. "Mimi Kawangware siendi, Anti. Usiniombe. Lakini hapa naweza kucheza. Muulize kama anaweza kuja."

Nilimuuliza Njoroge nikijua atakataa, na shangazi yake alikataa kabla yake. "Huko alitoka kama panya," shangazi aliniambia. "Sasa arudi kuwachekesha?" Njoroge alikuwa akifungua redio mezani. Hakuinua kichwa. Alisema, "Watu wa huko walikuwa wanacheka vizuri." Baadaye, alipokuwa akinisindikiza, alisema jambo jingine. "Nataka nijue nani anakaa kwa nyumba yangu. Nikijua nitalala."

Mwalimu alizungumza na wazee wa Silanga, wazee wakazungumza na vijana, na vijana wakasema ni sawa, aje, hakuna mtu atamguza. Alikuja Jumapili mchana akiwa katikati yetu, mimi upande huu, Mwalimu upande ule. Atieno alikuwa amefika kabla yake. Walisalimiana kwa mkono. "Umechelewa," Atieno akamwambia. Njoroge akasema ndiyo, amechelewa. Hayo ndiyo maneno yote.

Banda lilijaa mpaka wengine wakasimama nje madirishani. Nilipuliza filimbi. Atieno akaingia na mwavuli, mrefu chini ya yale mabati. "Nimekuja kuona paa," akasema, na Njoroge akapanda kwenye debe akanyoosha mkono, na hakufika. Hapo ndipo mahali ambapo Silanga walizoea kupiga mayowe. Siku hiyo palikuwa kimya. Niliangalia mabenchi. Miguu ilikuwa imetulia yote, lakini haikuwa imetulia kama ya watu wanaosikiliza. Ilikuwa kama ya watu wanaosubiri kuitwa majina.

Mama Felista ndiye aliyesema kwanza. Hakumwita Kadogo. "Njoroge," akasema, "siku hizo zote ulikula wapi?"

Njoroge akiwa juu ya debe, mkono bado uko hewani, akajibu, "Kwa shangazi, Riruta."

"Nilikutafuta."

"Asante."

Nilitazama mlango, nikapima ni hatua ngapi kutoka kwa debe mpaka pale. Mwalimu alikuwa amesimama. Njoroge akashusha mkono. Akauliza, hakumuuliza Mama Felista, aliuliza banda lote, "Nyumba yangu anaishi nani?"

Kwenye benchi la nyuma, mwanamume mmoja mwembamba, mwenye mtoto aliyelala begani, akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Naitwa Ochieng. Mimi sikukufukuza, mimi sikuwa huku. Nilikuwa Kawangware, nilikuwa na kibanda cha viatu pale. Nilitolewa na bibi na watoto. Tulifika hapa tukapata mlango uko wazi, hakuna mtu, hakuna kitu ndani. Tukaingia." Akamhamisha mtoto kwenda bega la pili. "Ukitaka tutoke, sema. Lakini sina pa kwenda."

Minong'ono ikapanda. Mtu mmoja akasema asitoke. Mwingine akasema nyumba ni ya Njoroge, alikuwa mtu mzuri, kila mtu anajua. Kijana mmoja mlangoni akasema kwa sauti, "Si mwenye nyumba ako hapo? Aamue." Alikuwa akimwonyesha Atieno, pale aliposimama na gauni lake na mwavuli wake. Wengine wakacheka, kisha wakaanza kusema bila mzaha. "Mama Serafina, sema. Ni nyumba yako."

Atieno aliniangalia. Mwigizaji anaponiangalia namna hiyo ni kwamba anataka neno la kwanza, na mimi mswada ulikuwa magotini na hapakuwa na neno ndani yake. Nilitikisa kichwa. Akafunga mwavuli.

"Mimi sina nyumba," akasema. "Nilikuwa nimekodi chumba Kawangware na mimi, nikafukuzwa, na baadaye nikasikia kimeungua. Huyu," akamgusa Njoroge begani, mkono ukishuka kutoka juu, "ameona aliye kwake. Na hakuna aliyenifungulia mimi. Sasa mnataka niamue nini?"

Ochieng bado alikuwa amesimama. Njoroge aliketi juu ya lile debe, viwiko magotini, akamtazama yule mtoto aliyelala.

"Inanyeshea hapo ndani?" akauliza.

Ochieng hakuelewa. "Nini?"

"Paa. Linavuja?"

"Linavuja sana. Upande wa kitanda."

"Ni msumari," Njoroge akasema. "Uko juu ya kile kidirisha, wa tatu kutoka ukutani. Ukiupiga unazidi. Unafaa uuwekee sabuni ya kipande kwanza, kisha kipande cha tyubu ya baiskeli juu yake. Mimi nilisumbuka nao mwaka mzima."

Mahali fulani kwenye mabenchi ya katikati mtu alicheka. Alicheka mara moja, kwa pua, kama mtu aliyeshikwa bila kutaka. Kisha mwingine. Hakikuwa kicheko cha zamani cha Silanga. Kilipita banda zima polepole na kikaisha, na nikaona Mama Felista anajipangusa macho kwa kona ya leso. Njoroge akasimama, akapanda tena juu ya debe, akaninyooshea kidole kwamba niwape mstari. Nikampa Atieno neno la kwanza. Wakaendelea mpaka mwisho, na Ochieng aliutazama mchezo uliobaki akiwa amesimama, kwa sababu mtu alikuwa amechukua nafasi yake kwenye benchi.

Mwalimu aliuliza swali lake. Alikuwa mzee siku hiyo, na sauti ilikuwa ndogo. "Mngependa iishe vipi?"

Mwanamke mmoja ambaye sikumjua, mwenye chombo kitupu cha mboga miguuni pake, akasema bila kusimama, "Kuoana ni shauri yao. Mimi nataka Kadogo afunge mlango, alale, aamke akute bado ni kwake. Hiyo ikiwezekana, haya mengine watapanga." Nikapuliza filimbi.

Njoroge hakurudi kuishi Silanga. Aliniambia siku hiyohiyo kwamba hatarudi, na hakumdai Ochieng chochote. Alipata chumba Riruta na miaka iliyofuata akawa na duka lake. Atieno alibaki upande wa bwawa, na Kawangware hakukanyaga tena. Tulicheza mchezo ule mara chache zaidi, huko Silanga peke yake, kisha Mwalimu akauweka kando. Ameshafariki. Mkewe alinipa kalamu nyekundu ambayo haiandiki.

Lakini nataka mjue tulivyotoka siku ile. Njoroge aliomba kuiona nyumba. Ochieng akatutangulia. Njoroge alisimama mlangoni, hakuingia, mke wa Ochieng alikuwa akipika ndani na watoto wameketi kitandani. Aliwaonyesha ule msumari kwa kidole kutoka nje, akamsalimu yule mama, akaondoka. Nilidhani mimi na Mwalimu ndio tutakaomsindikiza mpaka barabarani. Atieno akasema ataenda naye. Bado alikuwa na gauni la Mama Serafina, hakuwa amepata nafasi ya kubadilisha. Wakatangulia, mrefu na mfupi, mimi nikifuata nyuma na mswada wangu chini ya kwapa.

Watu walikuwa wametoka kwenye milango kuwatazama. Hawa wawili hawakuwa wanazungumza na hawakushikana mikono, maana, kama nilivyosema, hawakupendana. Walitembea tu. Njia pale ni nyembamba, watu hupita mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa amepanga mikebe yake ya makaa pande zote mbili za njia. Aliwaona wanakuja. Akainama, akavuta mikebe ya upande mmoja, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukutani, ili wapite wawili sambamba.